Diski Ijulishwe Umri wa Maandishi

Katika barabara kuu itokayo Nairobi, ikapita Ruiru na Juja hata ikaishia Thika, barabara iliyofunguliwa mwaka 2012 na Rais Mwai Kibaki, zimestawi kazi mbili zinazotazamana bila ya kuzungumza: elimu ya kompyuta na ufundi wa kompyuta. Kwa upande wa elimu, Juja pana Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, Thika pana Chuo Kikuu cha Mount Kenya, na Ruiru pana Chuo Kikuu cha Zetech, mbali na vyuo vya ufundi vilivyotapakaa baina ya miji hiyo. Na kila mwaka hutoka humo vijana wengi waliosoma namna ya kuandika programu. Kwa upande wa ufundi, pana vibanda katika kila steji na kila uchochoro, ambamo simu, tableti na kompyuta za mtumba hufunguliwa, husafishwa, hutiwa vipuri, na kurudishwa kwa wenyewe zikiwa zimeongezewa uhai wa miezi michache.

Malalamiko yanayoletwa katika vibanda hivyo hayana aina nyingi. Simu ilikuwa nyepesi ilipotoka dukani, sasa huganda mtu akitaka kutuma pesa. Tableti ya mwanafunzi huchelewa kufungua kitabu hata mtoto akakata tamaa. Kompyuta ya ofisi ya chama cha akiba hutaabika kila asubuhi kabla ya kuonyesha hesabu za jana. Mwenye chombo hushuku betri, au virusi, au uzee kwa jumla, na fundi mwenye wateja waliopanga foleni mlangoni hana nafasi ya kumfafanulia. Lakini si mara chache kiungo kilichochoka ni ghala ya kumbukumbu, ile chipu au ile diski ya SSD ambamo kila neno na kila picha huhifadhiwa. Na sehemu kubwa ya uchovu wake haikuletwa na kazi aliyoitaka mwenye chombo, bali na kazi ya kuhamisha maandishi kutoka hapa kwenda pale, kazi ambayo ingaliepukwa lau chombo kingalijulishwa mapema jambo moja dogo, yaani kwamba maandishi kinayokabidhiwa yatadumu kwa muda gani. Rai yangu ni kwamba jambo hilo dogo lajulikana, njia ya kulifikisha ipo, na kwetu sisi tununuao vyombo vya bei nafuu na vya mtumba, kulifikisha ni faradhi kubwa kuliko ilivyo kwa matajiri.

Ili rai hii ieleweke, sharti tuitazame tabia ya kumbukumbu ya flashi, ambayo Fujio Masuoka na wenziwe wa kampuni ya Toshiba huko Japani waliidhihirishia dunia kwanza mwaka 1984, kisha mwaka 1987 kwa umbo lile liitwalo NAND, ambalo leo limo katika simu zetu, katika tableti zetu na katika diski za SSD. Kumbukumbu hiyo imegawanywa katika kurasa, na kurasa zimekusanywa katika vitalu. Ukurasa mmoja hubeba kilobaiti chache, kama 4 au 16. Kitalu kimoja hukusanya kurasa mamia, na katika chipu za siku hizi maelfu, hata kikawa na megabaiti kadhaa. Tabia yake ya ajabu, ambayo ndiyo asili ya taabu yote, ni kwamba ukurasa waweza kuandikwa peke yake lakini hauwezi kufutwa peke yake: ufutaji ni wa kitalu kizima kwa mara moja, na ukurasa uliokwisha kuandikwa hauandikwi tena mpaka kitalu chake chote kifutwe. Fauka ya hayo, kila ufutaji hukila kitalu kidogo. Chipu za kale, zilizoweka biti moja katika kila seli, zilistahimili kufutwa mara zipatazo 100,000. Zile za biti tatu, zilizoenea sana leo, hustahimili mara 1,000 hata 3,000. Na zile za biti nne hustahimili pungufu ya hapo. Bei imeshuka, na umri umeshuka pamoja nayo.

Basi mtu anapoifuta picha, au programu inapobadilisha maandishi yake, kidhibiti cha diski, yaani kiungo kinachoongoza kazi zake, hakiwezi kuuandika upya ukurasa ule ule. Huandika ukurasa mpya penginepo, na ule wa zamani hubaki mahali pake ukihesabiwa kuwa umekufa. Baada ya muda kila kitalu huwa mchanganyiko wa kurasa zilizo hai na kurasa zilizokufa. Nafasi ikipungua, kidhibiti hulazimika kuchagua kitalu, kuzinakili kurasa zake zilizo hai katika kitalu kingine, ndipo kikifute. Kunakili huko ni uandishi ambao hakuna mtu aliyeuomba, nao hula umri wa chipu sawasawa na uandishi ulioombwa, tena humfanya mwenye simu angojee wakati simu yake inafanya kazi asiyoiona.

Mwenyeji wa Thika anao mfano wa jambo hili mbele ya macho yake, katika mashamba ya mananasi ya Del Monte yaliyotanda nje ya mji. Shamba kubwa la mananasi hupandwa kitalu kwa kitalu; miche ya kitalu kimoja hupandwa kwa wakati mmoja, hukua pamoja, huvunwa pamoja, na siku yake ikifika kitalu chote hung'olewa na kulimwa upya bila ya mtu kuhamisha mche hata mmoja. Lau mkulima angalichanganya katika kitalu hicho mananasi na mikahawa, nao mkahawa ni mti uwezao kuishi miaka 30 na kupita, basi kila mara mananasi yakiisha ingalibidi kuing'oa mikahawa na kuipanda kitalu kingine, na huko nako kuing'oa tena, hata mikahawa ikafa kwa kuhamishwa. Hakuna mkulima wa Kiambu awezaye kufanya hivyo, kwa sababu aujua umri wa anachokipanda. Diski hufanya hivyo kila siku, kwa sababu haiujui.

Hasara yake yahesabika. Tuchukue kitalu ambacho robo tatu za kurasa zake zingali hai siku ya kufutwa. Ili kupata robo moja ya nafasi, kidhibiti hunakili robo tatu. Yaani kwa kila ukurasa mmoja alioutaka mtumiaji, chipu imeandika kurasa 4. Sasa tuchukue tableti ya gigabaiti 32, ambayo chipu yake hustahimili kufutwa mara 1,000, na programu zake kwa jumla huandika gigabaiti 10 kwa siku. Ikiwa hakuna unakili wowote wa ziada, chipu hiyo yaweza kupokea gigabaiti 32,000, nazo zatosha siku 3,200, karibu miaka 9. Ikiwa kila ukurasa mmoja huzaa 4, zimebaki siku 800, miaka 2 na miezi michache. Hesabu hii ni ya kupigia mfano, maana chombo halisi huwa na nafasi ya akiba na hila nyingi za kusawazisha uchakavu. Lakini mwelekeo wake ni wa kweli, na tofauti baina ya miaka 9 na miaka 2 ndiyo tofauti baina ya tableti inayofuatana na mtoto tangu gredi ya 1 hata gredi ya 9, na tableti inayomwacha njiani kabla hajafika gredi ya 4.

Ni nani basi aujuaye umri wa maandishi? Diski haiwezi kuujua. Hiyo hupokea namba za anwani na baiti, wala haina habari kwamba baiti hizi ni picha ya harusi itakayotunzwa miaka ishirini, na zile ni maandishi ya kupita ambayo programu itayafuta kabla mwenye simu hajairudisha mfukoni. Mfumo wa faili, ulio baina ya programu na diski, hujua zaidi kidogo, kwa kuwa huliona jina la faili na aina yake. Anayejua hakika ni yule aliyeitunga programu, kwa maana ndiye aliyeamua kiandikwe nini na kifutwe lini.

Hikima ya kutenganisha maandishi kwa umri si ngeni. Mendel Rosenblum na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoutangaza mwaka 1991 mfumo wao wa faili ulioandika kila kitu kwa mfululizo, walikwisha kutambua kwamba usafishaji huwa nafuu ikiwa maandishi ya kudumu hayachanganywi na ya kupita. Nao walikuwa wakishughulika na diski za sahani zizungukazo, si flashi. Mwaka 2013 Linux, mfumo endeshi ambao Android imejengwa juu yake, iliupokea mfumo wa faili uitwao F2FS, kazi ya Jaegeuk Kim wa Samsung, uliotungwa makusudi kwa ajili ya flashi, na ambao leo umo katika simu nyingi za Android. Mfumo huo huyagawa maandishi katika mafungu ya moto, ya vuguvugu na ya baridi. Hulitazama jina la faili: likiishia kwa herufi za picha, muziki au video, huiweka faili katika fungu la baridi, kwa kukisia kwamba picha haibadilishwi; na ikiwa ni faili ya hifadhidata, huiweka katika fungu la moto. Ni makisio mazuri, na bila ya hayo simu zetu zingalichakaa mapema zaidi. Lakini yabaki kuwa makisio. Picha za salamu za asubuhi, zilizopambwa kwa maua na aya, zinazomiminika katika makundi ya WhatsApp ya aila za Ruiru kila siku ya Mungu, hupokewa kwa heshima ya vitu vya kudumu, ilhali mwenye simu atazifuta zote Jumamosi nafasi ikimwishia.

Mwaka 2014 wahandisi wa Samsung walionyesha diski iwezayo kupokea maandishi katika mikondo mbalimbali, kila mkondo ukawekwa katika vitalu vyake. Mwaka 2017 Jens Axboe, mmoja wa mafundi wakuu wa kerneli, yaani kiini, ya Linux, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi Facebook, aliingiza katika toleo la 4.13 njia ya programu kuutamka umri wa maandishi yake. Njia hiyo ni nyepesi hata yashangaza kwamba haikuenea. Programu hutoa wito mmoja kwa mfumo, na katika wito huo huchagua daraja moja kati ya nne: umri mfupi, umri wa wastani, umri mrefu, na umri mrefu kupindukia. Haitaji saa wala siku. Hulinganisha tu maandishi haya na yale. Wala si ahadi yenye kumfunga mtu: programu ikikosea, hakuna herufi inayopotea, ila vitalu huchanganyika kama vile ambavyo vingalichanganyika bila ya dokezo hilo.

Na hapa nafika mahali panaponisikitisha. Mwaka 2022 sehemu iliyoyapeleka madokezo hayo hadi kwenye diski iliondolewa katika Linux. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya insafu: iliwekwa kwa ajili ya RocksDB, hazina ya data iliyotungwa Facebook, nayo RocksDB hatimaye haikuitumia, na diski za sokoni zilizoyaelewa madokezo zilikuwa adimu mno. Mtengenezaji wa diski haoni haja ya kugharimia jambo lisiloombwa na programu yoyote, na mwandishi wa programu haoni haja ya kuomba jambo lisilosikiwa na diski yoyote. Kila mmoja akamngoja mwenziwe, na kitu chema kikang'olewa bila ya kuwa na adui. Mwaka huo huo, kwa njia nyingine, kanuni za NVMe, zinazoongoza mawasiliano ya kompyuta na diski za SSD, ziliongezewa utaratibu mpya wa kuiwezesha kompyuta kuiambia diski data ziwekwe katika fungu lipi, utaratibu uliosukumwa mbele na Google na Meta (Facebook ya zamani), kwa maana kampuni hizo huendesha maghala makubwa ya diski ambamo uchakavu mdogo tu ni fedha nyingi. Kisha mwaka 2024 madokezo ya umri yalirudishwa katika Linux kwa bidii ya Bart Van Assche wa Google, safari hii kwa ajili ya chipu za UFS zilizomo katika simu.

Watazamwe waliolipigania jambo hili: ni wenye maghala ya diski na wenye kutengeneza simu, watu wenye mizani ya kupimia hasara yao. Sijaisikia katika shauri hilo sauti iliyotoka kwetu, ingawa hasara ni yetu kuliko yao. Kampuni kubwa ikiichakaza diski, hununua nyingine kabla ya jua kutua. Mama mwenye kibanda cha mboga katika soko la Ruiru, ambaye simu yake ndiyo benki yake na ndiyo daftari lake la madeni, simu aliyoinunua kwa malipo madogo madogo ya kila siku, hana ya pili. Na ikiganda wakati mteja amesimama mbele yake na fedha mkononi, mteja huenda kibanda cha jirani.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi wa kerneli na hayatuhusu. Hao sina la kuwajibu zaidi ya niliyokwisha kusema. Lakini wapo wenye hoja nzito zaidi, kwamba kidhibiti cha kisasa kina akili ya kutosha kuukisia umri kwa kuangalia ni anwani zipi zinazoandikwa mara kwa mara. Ni kweli kwamba kidhibiti hukisia, na diski za bei ghali hukisia vizuri. Hata hivyo makisio hutokana na yaliyopita, na faili mpya haina yaliyopita. Tena kidhibiti cha chipu ya bei nafuu, ile inayotiwa katika simu ya mnyonge, ni kidogo, na hakina nafasi ya kuweka historia ndefu. Kwa hiyo makisio hufaulu zaidi pale fedha zilipo, na madokezo yana faida zaidi pale fedha zilipopungua. Sidai kwamba dokezo litasikika katika kila chombo tulicho nacho leo. Kisichoelewa hulipuuza, na hakuna kilichoharibika. Kinachoelewa hunufaika tangu siku ya kwanza.

Kuna hoja ambayo sijaiona ikitolewa, nayo ndiyo iliyonituma kuandika. Husemwa kwamba mwandishi wa programu hajui umri wa maandishi yake, na kwamba kumtaka autaje ni kumtwika taklifu asiyoiweza. Katika Kenya apaswa kuujua kwa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakataza kuziweka habari za mtu kwa muda unaozidi haja iliyozifanya zikusanywe. Kwa hiyo kila chama cha akiba na mikopo, kila hospitali na kila shule inayoweka habari za watu katika kompyuta sharti iamue habari gani itawekwa kwa muda gani. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 nayo inadai kumbukumbu za kodi zitunzwe kwa miaka 5. Chukua basi chama chochote cha akiba cha walimu au cha wakulima mjini Thika. Hati zake za mikopo na malipo zitaishi miaka 5 na kupita. Picha za kamera ya mlangoni zitaishi majuma machache, kisha zitafutwa kwa zamu. Namba ya siri ya mara moja anayotumiwa mwanachama katika simu itaishi dakika chache. Kumbukumbu ya ndani ya hifadhidata, ile inayoandikwa kabla ya kila muamala ili umeme ukikatika hesabu isipotee, haina kazi tena mara muamala unapokwisha kuingizwa mahali pake. Umri huu wote umekwisha kuamuliwa, na mwingine umeandikwa katika sera iliyotiwa sahihi na wakurugenzi. Lakini programu inapoandika, vyote vinne hutupwa katika diski moja bila ya neno, vikachanganyika ndani ya vitalu vile vile, na diski ikabaki kuzihamisha hati za mikopo kila mara picha za kamera zinapofutwa. Maarifa yanayohitajika yamo kabatini, katika chumba hicho hicho chenye seva, na kuyafikisha kwenye diski ni kazi ya mistari michache ya programu.

Tena yafaa kukumbukwa kwamba ukurasa uliokufa hautoweki papo hapo. Maandishi yake hubaki katika chipu mpaka kitalu chake kifutwe. Vitu vya umri mmoja vikikaa pamoja hufa pamoja, na kitalu chao huwa tayari kufutwa mapema bila ya gharama. Mwenye kujali siri za wateja wake anayo hapa sababu ya pili.

Mwenye kudhani kwamba uchakavu wa flashi ni jambo la vitabuni na atazame yaliyotokea Marekani. Mwezi wa Februari mwaka 2021 kampuni ya Tesla iliyarudisha kwa matengenezo magari yapatayo 135,000 ya Model S na Model X, yaliyotengenezwa kabla ya Machi mwaka 2018, kwa sababu chipu ya kumbukumbu ya gigabaiti 8 iliyomo katika kompyuta ya dashibodi ilikuwa ikichakaa baada ya miaka 5 au 6. Chipu ile ilikuwa na umri wa kufutwa mara 3,000, na umri huo uliliwa na uandishi wa kila siku. Chipu ikifa, skrini huzimika, na kamera ya kurudi nyuma huzimika pamoja nayo. Nayataja haya kwa sababu Thika ni mji wa kuunganisha magari: katika kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers huunganishwa malori na mabasi, yakiwemo mabasi ya umeme ya BasiGo, na gari la umeme aghalabu huandika habari za betri yake, mwendo wake na mahali lilipo muda wote liwapo barabarani. Sisemi kwamba mabasi hayo yana kasoro. Nasema kwamba mhandisi anayeliunganisha basi litakalobeba abiria kwa miaka mingi anapaswa kuuliza mapema maandishi hayo yanakwenda wapi, yanaishi muda gani, na kama yanachanganywa katika chipu moja na programu inayoendesha skrini ya dereva.

Lakini chombo kinachonishughulisha zaidi ni cha mtoto. Mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka tableti katika shule za msingi za umma kwa Mpango wa Elimu ya Kidijitali, na kazi ya kuziunganisha na kuzisambaza ikapewa vyuo vikuu viwili pamoja na washirika wao wa ng'ambo: Chuo Kikuu cha Moi, na hiki chetu cha Juja. Vyombo zaidi ya milioni moja vilipelekwa nchini. Fedha zilikuwa za umma, na mikono iliyoviunganisha vingi vya vyombo hivyo ilikuwa hapa, kati ya Ruiru na Thika. Vingine vingali vikitumika, vingine vimefungiwa stoo, na mjadala juu yavyo umekuwa wa siasa kuliko wa ufundi: nani alipewa zabuni, nani alilipwa nini. Ni maswali halali. Lakini sikumbuki kusikia katika mjadala huo mtu akiuliza chipu za kumbukumbu zilikuwa za aina gani, zilihimili kuandikwa mara ngapi, na mfumo wa faili uliowekwa ulitenganisha maandishi kwa umri au uliyachanganya. Zabuni ijayo ya vyombo vya shule iulize mambo hayo matatu kwa maandishi, na muuzaji ajibu kwa maandishi. Anayeuza chipu nzuri atafurahi kuulizwa. Na kwa kuwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imemtwika mzalishaji jukumu la bidhaa yake hata baada ya kuisha kazi, haina budi kumfaa hata yeye kwamba chombo kikawie kufika jalalani.

Vyuoni nako pana kazi isiyongoja bajeti. Mwanafunzi hufundishwa kuifungua faili, kuiandika na kuifunga. Afundishwe pia kuutaja umri wake, na aone kwa macho yake kwamba kuna faida. Mwalimu aweza kuchukua diski ndogo ya mtumba, akaitia mfumo wa F2FS, akaijaza hata ibaki sehemu ya kumi tu, kisha akaendesha juu yake maandishi ya aina mbili, ya kudumu na ya kupita, mara moja yakiwa yamechanganywa na mara ya pili yakiwa yametenganishwa. Na F2FS yenyewe hutunza hesabu ya usafishaji ilioufanya, ambayo mwanafunzi ataisoma na kuilinganisha. Hata utaratibu mpya wa NVMe, ambao diski zake ni ghali, huigizwa na programu ya QEMU isiyouzwa kwa senti moja. Na huyo mwalimu ataona njiani jambo ambalo kila mwenye simu angefaa kuambiwa na fundi wake bila ya malipo: kwamba diski iliyojaa pomoni ndiyo inayoteseka kuliko zote, kwa kuwa hakuna kitalu kilicho tupu cha kuhamia, na kwamba kuacha sehemu ya tano ya nafasi wazi ni dawa ya bei rahisi kuliko simu mpya.

Kazi ya tatu ndiyo ningependa ianze kwanza. Kanuni za chipu za eMMC, zile za kumbukumbu zitiwazo katika simu na tableti za bei nafuu, tangu toleo la 5.0 la mwaka 2013, huitaka chipu itunze makadirio ya umri wake yenyewe, kwa mafungu ya asilimia 10: imetumia sehemu ya kumi, imetumia nusu, imeufikia mpaka. Diski za NVMe nazo hutoa asilimia iliyotumika na jumla ya data zilizoandikwa. Basi wanachuo wa Juja na wakusanye, kwa idhini ya walimu wakuu, tableti za shule za Ruiru na Thika zenye chipu za namna hiyo, wasome tarakimu hizo moja moja, waandike kando yake programu zilizokuwa zikitumika na nafasi iliyokuwa imebaki. Patapatikana orodha ambayo wizara haijawahi kuchapishiwa: chipu zipi zilichakaa, programu zipi zilizichakaza, na zipi zingali na nusu ya umri ingawa tableti imeandikwa kuwa mbovu, ambazo fundi wa kibanda cha steji aweza kuzirudisha darasani kwa betri mpya tu. Kazi hiyo yatosha kwa wanafunzi wa mwaka wa nne katika muhula mmoja, na yapaswa kufanywa kabla ya vyombo hivyo kuuzwa mnadani kwa uzito wa plastiki.